Barua ya wazi kwa wakuu wa shule za Dar es Salaam: "Nimeelewa" ya mwisho wa kipindi si kipimo

Kwa:
Wakuu wa shule za sekondari, walimu wa taaluma na wamiliki wa vituo vya masomo ya ziada,
Dar es Salaam.

YAH: FOMU ZA KUJIPIMA ZINAZOJAZWA KIPINDI KIKIISHA, NA MAAMUZI YANAYOFANYWA KWA KUZITEGEMEA

Ndugu Wakuu,

Salamu na heshima ziwafikie. Sisi ni walimu wa sekondari na wakufunzi wa ualimu tunaofuatilia utafiti wa kumbukumbu na ujifunzaji. Jambo hili tumelisema kwenye vikao vya taaluma, tukaliandika kwa barua za ndani, tukaambiwa litafanyiwa kazi. Mihula imepita na fomu ni zile zile. Wanaoumia ni watoto wa watu, na mzazi ana haki ya kujua mtoto wake anapangwa kwa kipimo gani. Ndiyo maana leo tunaandika hadharani.

Utaratibu wenyewe mnaufahamu. Kipindi kinaisha, mwalimu anagawa karatasi yenye orodha ya mada, mwanafunzi anaweka alama ya vema kwenye "nimeelewa vizuri", "nimeelewa kiasi" au "sijaelewa". Karatasi zinakwenda kwa mwalimu wa taaluma, na kutokana nazo inaamuliwa nani abaki masomo ya jioni, mada ipi irudiwe na ipi ifungwe. Pasipo na fomu, kuna lile swali la mdomo, "Mmeelewa?", na darasa zima kuitikia "Ndiyo". Kwa njia zote mbili mwanafunzi anaombwa atabiri atakachokumbuka siku zijazo kwa hisia aliyonayo dakika hii. Utabiri wa aina hiyo umepimwa na wanasaikolojia kwa zaidi ya nusu karne. Tunajua lini hukosea, kwa nini, na namna ya kuunyoosha. Malalamiko yetu ni haya.

1. Fomu inajazwa saa mbaya kuliko zote

Mwaka 1991, Thomas Nelson na John Dunlosky walichapisha nchini Marekani jaribio ambalo kila mwalimu wa taaluma angepaswa kulijua. Watu walijifunza jozi za maneno, na kwa kila jozi wakakadiria kama wataweza kulitaja neno la pili wakionyeshwa la kwanza baadaye. Jozi nyingine walizikadiria papo hapo baada ya kuzisoma, nyingine baada ya kupita muda kidogo. Kisha makadirio yakalinganishwa na walichokumbuka kweli, kwa kipimo ambacho 0 ni sawa na kubahatisha na 1 ni kupambanua bila kosa kati ya vitakavyokumbukwa na vitakavyosahaulika. Makadirio ya papo hapo yalipata 0.38. Yaliyocheleweshwa yalipata 0.90.

Watu ni wale wale na jozi ni za aina ile ile. Tofauti ni muda tu, tena muda wenyewe ulikuwa wa dakika, haukuwa wa siku.

Sababu inayokubalika zaidi ni hii. Mara tu baada ya kusoma au kusikiliza, jibu bado linaelea kwenye kumbukumbu ya muda mfupi. Ukijiuliza "ninalijua?", linajitokeza bila kutafutwa, na linajitokeza hivyo hivyo liwe limeshika mizizi au linakaribia kupotea. Kila kitu kinaonekana chepesi, kwa hiyo mwanafunzi hana namna ya kutofautisha. Ukingoja hadi jibu litoke kwenye kumbukumbu hiyo fupi, analazimika kulitafuta kwenye kumbukumbu ya kudumu, na akilipata au akilikosa, anakutana na jambo lile lile atakalokutana nalo kwenye chumba cha mtihani.

Hapo kuna sharti moja ambalo likivunjwa faida yote inapotea. Nelson na Dunlosky walionyesha baadaye kwamba kuchelewesha kunasaidia pale mtu anapoonyeshwa swali peke yake. Akionyeshwa swali pamoja na jibu lake, hata baada ya muda, ukadiriaji unarudi kuwa dhaifu, kwa sababu jibu lililo mbele ya macho halitafutwi. Kwa hiyo kuiahirisha fomu hadi kesho huku daftari likiwa wazi juu ya dawati hakusaidii. Wala fomu inayochapisha mada na maelezo yake chini haisaidii, na baadhi ya fomu tulizoziona zimepangwa hivyo, kwa nia njema kabisa, ili "kumkumbusha" mwanafunzi. Zinamkumbusha, na papo hapo zinaharibu kipimo.

Mada ndefu ni ngumu zaidi kuliko maneno. Mtu akisoma kifungu cha Historia au Biolojia na kuulizwa ameelewa kiasi gani, ukadiriaji wake kwa kawaida huwa hafifu. Keith Thiede na wenzake walipata kwamba mtu akiachwa kwanza kwa muda, halafu akaandika maneno makuu ya kifungu bila kukiangalia, na baada ya hapo ndipo ajikadirie, usahihi unapanda sana. Akiyaandika maneno hayo mara tu baada ya kusoma, faida haionekani.

2. Kupata mara moja kunahesabiwa kuwa kumaliza

Jaribio linalotuuma zaidi lilitumia lugha yetu. Mwaka 2008, Jeffrey Karpicke na Henry Roediger waliwapa wanafunzi wa chuo huko Marekani maneno 40 ya Kiswahili, "mashua" likiwa mojawapo, pamoja na tafsiri zake za Kiingereza. Kundi la kwanza liliyasoma yote na kuulizwa yote kila raundi. Kundi la pili, neno likishapatikana mara moja, halikulisoma tena lakini liliendelea kuulizwa. Kundi la tatu kinyume chake: neno lililopatikana liliendelea kusomwa lakini halikuulizwa tena. Kundi la nne liliachana nalo kabisa. Mwisho wa somo kila kundi lilikuwa limeshayataja maneno yote kwa usahihi. Kwa fomu zenu, wote wangeweka vema kwenye "nimeelewa vizuri".

Wakaombwa watabiri watakumbuka mangapi baada ya wiki moja. Makundi yote manne yalitabiri karibu nusu, yaani kama maneno 20. Hakuna kundi lililohisi kwamba njia yake ilikuwa bora au duni kuliko nyingine.

Wiki ilipofika, makundi mawili yaliyoendelea kuulizwa yalikumbuka kama asilimia 80. Mawili yaliyoacha kuulizwa yalikumbuka kama theluthi moja tu. Na kundi lililoendelea kusoma bila kuulizwa halikupata faida ya maana kulishinda lile lililoachana na maneno kabisa. Kusoma kote kule kwa ziada hakukuongeza kitu, na wasomaji wenyewe hawakulihisi hilo.

Sasa tazameni ratiba zetu. Mada ikipata vema nyingi, inafungwa. Mwanafunzi akijibu sawasawa ubaoni mara moja, anaondolewa kwenye orodha ya masomo ya jioni. Tunawafanyia wanafunzi wetu kile walichofanyiwa kundi la tatu na la nne, kisha kwenye mtihani wa moko tunashangaa mada "iliyoeleweka" imekwenda wapi.

Wapo pia wanaodhurika kwa upande wa pili. Asher Koriat wa Chuo Kikuu cha Haifa na wenzake walionyesha mwaka 2002 kwamba mtu akifanya raundi kadhaa za kusoma na kuulizwa yale yale, makadirio yake huanza kubaki nyuma ya uwezo wake: anajiona hajui wakati anajua. Huyo ni yule binti anayejizoeza kila siku, anayeweka "sijaelewa" kwenye mada anazozijua, na anayebakishwa jioni kurudia asichohitaji. Mwenzake aliyesoma mara moja kwa raha anakwenda nyumbani.

3. Wepesi wa kusoma unachukuliwa kuwa ujuzi

Mwaka 2006, Roediger na Karpicke waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Kundi moja lilisoma mara nne. Jingine lilisoma mara moja kisha likajaribu mara tatu kuandika linachokumbuka. Baada ya dakika tano, waliosoma mara nne walikuwa mbele, asilimia 83 kwa 71. Baada ya wiki moja walikuwa na asilimia 40, na waliojijaribu walikuwa na 61. Na walipoulizwa watabiri, waliosoma mara nyingi ndio waliojiamini zaidi.

Hata ukubwa wa herufi hudanganya. Matthew Rhodes na Alan Castel walionyesha mwaka 2008 kwamba watu hujiona watakumbuka zaidi maneno yaliyochapwa kwa herufi kubwa, wakati ukumbukaji wenyewe haubadiliki. Noti nzuri zilizochapwa stesheneri na kupigwa mistari ya rangi zinampa mwanafunzi utulivu wa moyo. Hazimpi alama.

4. Fomu haisemi "utakumbuka lini"

Hili linatusumbua kuliko yote, na halijawahi kujibiwa kwenye kikao chochote. Mtihani wa Kidato cha Nne unagusa mada za miaka minne. "Nimeelewa vizuri" ya mtoto wa Kidato cha Kwanza inahusu lini? Kesho? Novemba ya mwaka wa nne?

Mwaka 2004, Koriat, Robert Bjork na wenzao waliwauliza watu wangekumbuka maneno mangapi kati ya waliyojifunza. Baadhi waliulizwa kuhusu dakika kumi baadaye, wengine wiki, wengine hata mwaka mzima. Makadirio yalikuwa karibu sawa. Mtu aliyekadiria kwa mwaka hakutoa idadi iliyo ndogo kwa kiasi cha maana kuliko aliyekadiria kwa dakika kumi. Akili haikatai kwamba kusahau kupo. Ukimuuliza mtu moja kwa moja kama wakati husahaulisha, atakwambia ndiyo. Lakini anapojikadiria, anaangalia jinsi jambo linavyoonekana sasa na kuliacha hivyo. Watafiti hao waliona kwamba swali likigeuzwa, mtu akaulizwa atasahau kiasi gani, muda unaanza kuingia kwenye hesabu yake. Hayo ni marekebisho ya neno moja kwenye fomu, na hayana gharama.

5. Kambi za mwisho

Hapa tutasema kwa kifupi. Kurudia mada moja kwa siku mfululizo kwenye kambi za maandalizi ya mtihani kunajenga hisia kali ya kujua, na hisia hiyo ndiyo inayotumika kuamua kambi imefaulu. Nate Kornell na Robert Bjork, mwaka 2008, waliwafundisha watu kutambua mitindo ya wachoraji 12. Walijifunza vizuri zaidi pale michoro ya wachoraji mbalimbali ilipochanganywa, lakini wengi wao, hata baada ya kupimwa, walishikilia kwamba kuona michoro ya mchoraji mmoja mfululizo ndiko kulikowafaa. Kambi isihukumiwe kwa jinsi wanafunzi walivyojisikia siku ya kufunga.

Majibu tunayoyajua tayari

Mtasema muda hautoshi. Fomu za sasa nazo zinachukua muda: kugawa, kujaza, kukusanya, kujumlisha. Tunaomba dakika hizo hizo zihamishwe kutoka mwisho wa kipindi cha leo hadi mwanzo wa kipindi kinachofuata.

Mtasema darasa lina wanafunzi 70 na karatasi ni ghali. Robo ya karatasi ya A4 inatosha kwa mwanafunzi mmoja. Wanafunzi 70 ni karatasi 18. Maswali yanaandikwa ubaoni, hayachapwi.

Mtasema tafiti hizi ni za Wazungu na wanafunzi wa vyuo. Ni kweli nyingi zilifanyika Marekani, na ni haki kudai ushahidi wa hapa. Ndiyo sababu hatuombi mbadilishe shule nzima kwa barua moja. Tunaomba jaribio dogo ambalo takwimu zake mtazishika nyinyi wenyewe. Lakini hoja hiyo haiwezi kuitetea fomu ya sasa, ambayo, kwa tunavyojua, haijawahi kupimwa hapa kwetu.

Mtasema mtoto akikosa maswali kila asubuhi atakata tamaa. Hofu hii tunaiheshimu. Dawa yake ni kutoyaingiza maswali hayo kwenye alama za muhula na kutotangaza matokeo ya mtu mbele ya wenzake. Anayekata tamaa kweli ni yule aliyeambiwa na fomu miaka mitatu kwamba anajua, halafu akakuta kwenye moko kwamba hajui.

Na wapo watakaosema kujipima kunamjenga mwanafunzi ajitegemee. Tunakubali kabisa. Hatutaki kujipima kufutwe. Tunataka kuhamishiwe saa ambayo kunasema kweli.

Tunachoomba

Kwanza, fomu ya mwisho wa kipindi isitumike tena kuamua nani abaki jioni wala mada ipi ifungwe. Kama ni lazima iendelee kwa ajili ya kumbukumbu za ofisi, iendelee, lakini isiamue hatima ya mtoto.

Pili, mahali pake pawekwe dakika kumi za mwanzo wa kipindi kinachofuata, angalau siku moja baadaye. Mwalimu aandike maswali matano ya mada iliyopita. Madaftari yafungwe na yawekwe chini ya dawati. Kwa kila swali, kabla ya kulijibu, mwanafunzi aandike namba kuanzia 0 hadi 10 kuonyesha ana uhakika gani. Dakika mbili zinatosha kwa hilo. Dakika tano ajibu. Dakika tatu wabadilishane karatasi na kusahihisha.

Maswali yawe ya kutoa jibu kichwani. Swali la kuchagua A hadi D linamruhusu mtoto alitambue jibu akiliona, na kulitambua ni kazi nyepesi kuliko kulitoa.

Usahihishaji ndipo mpango huu unapoharibika mara nyingi. Mwanafunzi akiliona jibu sahihi, husema "ndilo nililomaanisha" na kujipa alama zote. Mwalimu alivunje jibu vipande kabla ya kuingia darasani. Chukueni swali la Jiografia: kwa nini kusi huvuma kuelekea bara la Asia miezi ya katikati ya mwaka? Kipande cha kwanza, nchi kavu ya Asia hupata joto kuliko bahari. Cha pili, hewa iliyo juu yake hupanda na mgandamizo wake hushuka. Cha tatu, hewa ya baharini yenye mgandamizo mkubwa zaidi hujongea kujaza nafasi. Alama moja kwa kila kipande kilichoandikwa, na kisichoandikwa hakina alama. Karatasi zibadilishwe kabla majibu hayajasomwa, la sivyo zile namba za uhakika zitafutwa na kuandikwa upya. Na namba hizo zisipewe zawadi wala adhabu: mtoto akijua kwamba kujikadiria juu kuna aibu, ataandika 2 kila siku na karatasi itakuwa haina maana.

Tatu, kila swali lirudi: siku iliyofuata, wiki moja baadaye, na mwezi mmoja baadaye. Mada ifungwe pale tu darasa lilipoijibu sawasawa katika siku tatu tofauti. Kwa madarasa yaliyo mbali na mtihani, nafasi hizo zirefushwe. Kazi ya Nicholas Cepeda na wenzake, ya mwaka 2008, ilionyesha kwamba kadiri mtihani ulivyo mbali, ndivyo nafasi kati ya marudio inavyopaswa kuwa kubwa.

Nne, masomo ya jioni yapangwe kwa majibu ya maswali ya wiki moja baadaye. Kwa mwanafunzi ambaye namba zake za uhakika ni kubwa na alama za majibu yake ni ndogo, mwalimu akae naye na karatasi zake mkononi. Huyo hana habari kwamba anahitaji msaada, kwa hiyo hatauomba.

Tano, jaribio lenyewe. Chagueni somo moja na mkondo mmoja kwa muhula mmoja. Wekeni safu tatu kwa kila mwanafunzi: alichosema kwenye fomu mwisho wa kipindi, namba yake ya uhakika siku iliyofuata, na alichojibu mwezi mmoja baadaye. Linganisheni safu ya kwanza na ya tatu, kisha ya pili na ya tatu. Matokeo yabandikwe kwenye ubao wa matangazo bila majina ya wanafunzi, wazazi wayaone. Kama safu ya kwanza itatabiri vizuri kuliko ya pili, tutaandika barua nyingine ya wazi kuliondoa ombi letu.

Tuko tayari kuwafundisha walimu wenu namna ya kutunga maswali na kuvunja majibu vipande, bila malipo, kwa shule yoyote kuanzia Kigamboni hadi Ubungo. Tunaomba majibu yenu kwa maandishi kabla ya muhula ujao kufunguliwa, yakieleza ni lipi kati ya maombi haya matano mmelikubali, lipi mmelikataa, na kwa sababu gani.

Wenu katika kazi ya kufundisha,

Walimu wa sekondari na wakufunzi wa ualimu,
Dar es Salaam.